Uungwana wa Uwanjani: Kijana Ampigaye Mwamuzi Amefundishwa na Nani?

Siku ya mashindano ya shule ni siku ya furaha. Tangu asubuhi majani ya uwanja yamekwisha kukatwa, mistari imechorwa kwa chokaa, na wachezaji wamefua mavazi yao na kuyaanika juani. Mkulima huacha jembe lake mapema, karani hufunga daftari lake na kupanda baiskeli, na hata bibi kizee asiyejua sheria moja ya mpira huja kumtazama mjukuu wake akikimbia. Kwa muda wa mchezo mji mzima huwa na moyo mmoja.

Lakini ziko siku ambazo furaha hiyo huharibika kwa dakika moja tu. Mwamuzi hupuliza filimbi. Mchezaji mmoja hukataa uamuzi. Mwingine humsukuma mwenziwe kifuani. Na kabla watu hawajajua lililotokea, watazamaji wamekwisha kuvuka mstari na mawe yanaruka. Kesho yake hakuna azungumzaye juu ya bao zuri lililofungwa. Habari zote ni za jino lililong'oka na za basi la wageni lililovunjwa vioo. Na kila mara lawama huwekwa juu ya vijana. Husemwa kwamba vijana wa siku hizi hawana adabu, hawajui kushindwa, hawaogopi mtu.

Je, lawama hiyo ni ya haki? Kijana ainuaye mkono wake juu ya mwamuzi, jambo hilo amelitoa wapi? Ili kujibu swali hilo yafaa kutazama kisa kilichochunguzwa hadharani mpaka mwisho wake ukajulikana. Kisa hicho kilitokea mbali, katika jimbo la Texas, Marekani, lakini mzazi na mwalimu wa Kenya wataona ndani yake mambo wanayoyafahamu vizuri.

MAMBO YALIYOTOKEA TEXAS

Katika Texas mpira wa Kimarekani ni kama dini ya pili. Mchezo huo huchezwa kwa mikono na miguu, na wachezaji huvaa kofia ngumu na mito ya kukinga mabega, kwa maana kugongana ni sehemu ya mchezo wenyewe. Usiku wa Ijumaa taa za viwanja vya shule huwashwa, na miji midogo hufunga maduka ili watu wakawatazame watoto wao.

Ijumaa ya tarehe 4 Septemba, 2015, shule ya sekondari ya John Jay kutoka mji wa San Antonio ilikwenda kucheza na shule ya Marble Falls. Mchezo ulipokaribia kwisha, mmoja wa waamuzi alikuwa amesimama mahali pake, akiutazama mpira, mgongo wake ukiwa wazi. Mchezaji mmoja wa John Jay alimjia mbio kutoka nyuma, akamgonga mgongoni kwa nguvu zake zote hata akaanguka kifudifudi. Wakati alipokuwa bado chini, mchezaji wa pili alijitupa juu yake kwa kofia yake ngumu. Wala mwamuzi hakuwa na mpira, wala hakuwa katika njia yao.

Picha za tendo hilo zilienea upesi, na watu wengi wakazitazama kwa hasira. Vijana wale wawili walitolewa katika timu na kusimamishwa shule. Watu walisema yale yale yasemwayo kila mahali: tazameni vijana wa siku hizi.

Lakini wachunguzi walipoanza kuuliza, mambo mengine yalitokea. Vijana walisema kwamba mwalimu msaidizi wa timu yao aliwaambia kuwa mwamuzi yule amewadhulumu na kwamba yapasa alipe. Walidai pia kwamba mwamuzi aliwatukana kwa ajili ya rangi na asili yao. Mwamuzi alikana jambo hilo kabisa. Mwalimu yule msaidizi aliacha kazi yake, na kabla ya mwaka kwisha alikiri mbele ya mahakama kosa la shambulio, naye akaadhibiwa.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Vijana walitenda kosa, nao hawakuweza kuepuka adhabu yao, kwa maana mtu wa miaka kumi na sita anajua vizuri kwamba kumpiga mtu mgongoni ni uovu. Lakini neno la kwanza halikutoka kinywani mwao. Lilitoka kwa mtu mzima, mwalimu wao, ambaye walizoea kumtii akisema kimbia wakakimbia, akisema simama wakasimama.

Na hata kama dai lao juu ya matusi lingekuwa la kweli, bado njia waliyoichukua isingewasaidia. Mwenye haki aliyepiga hupoteza haki yake papo hapo. Kama wangesimama, wakamwita kapteni wao, wakaandika malalamiko na kuyapeleka kwa wakuu wa mashindano, dunia ingeuliza juu ya maneno ya mwamuzi. Baada ya pigo lile, dunia iliuliza juu yao.

WALISHINDA, WAKARUDISHWA NYUMBANI

Miaka mitano baadaye, katika jimbo lile lile la Texas, lilitokea jambo jingine lenye fundisho lake. Tarehe 3 Desemba, 2020, shule ya sekondari ya Edinburg ilicheza na timu ya Pharr-San Juan-Alamo. Mchezaji mmoja wa Edinburg, kijana mwenye nguvu aliyesifiwa kwa uhodari wake, alitolewa nje kwa kosa. Badala ya kukaa chini alirudi uwanjani mbio, akamwendea mwamuzi aliyemtoa, akamwangusha vibaya. Askari walimtoa uwanjani.

Mchezo uliendelea, na Edinburg wakashinda kwa 35 kwa 21. Kwa ushindi huo walikuwa wamepata nafasi ya kuendelea katika mashindano ya mwisho ya jimbo. Lakini siku iliyofuata wakuu wa elimu wa wilaya yao waliiondoa timu nzima katika mashindano hayo. Vijana waliofanya mazoezi tangu majira ya joto, ambao hawakumgusa mtu, walivua mavazi yao na kurudi nyumbani. Kwa wengi wao waliokuwa katika mwaka wa mwisho wa shule, huo ndio uliokuwa mchezo wao wa mwisho.

Wako waliosema kwamba adhabu hiyo ilikuwa kali mno, kwa kuwa iliwapata wasio na hatia. Neno hilo lina uzito wake, wala halifai kudharauliwa. Lakini timu ni kama mtumbwi: mmoja akitoboa tundu chini ya kiti chake, maji hayamlowi yeye peke yake. Na wakuu wale walifanya jambo ambalo shule nyingi hazithubutu kulifanya: waliadhibu timu yao wenyewe, tena timu iliyoshinda, bila kungoja kulazimishwa na mtu. Mwanafunzi wa Edinburg aliyekuwa akitazama siku ile alijifunza kwamba heshima ya shule yake ina thamani kuliko kombe. Somo hilo hasomeshwi mtu kwa maneno matupu.

UKALI SI UANAUME

Aghalabu mtu akikataza ukali uwanjani hujibiwa kwamba mchezo bila ukali ni mchezo wa wanawake na watoto, na kwamba mvulana asiyeumizwa hawi mwanamume. Hoja hii ni ya zamani sana. Ilitolewa hata siku ile sheria za mpira wa miguu zilipokuwa zikitungwa.

Mwisho wa mwaka 1863 mabwana wa vilabu mbalimbali vya Uingereza walikutana London ili kuandika sheria moja ya mpira. Wengi wao walikuwa wamejifunza kucheza shuleni, na kila shule ilikuwa na desturi zake. Katika baadhi ya shule ilikuwa halali kumpiga mwenzio teke la ugoko ili kumnyang'anya mpira. Wengine walitaka desturi hiyo ikomeshwe, kwa kuwa mtu mwenye kazi ya kujipatia riziki hawezi kwenda kazini Jumatatu akiwa amevunjika mguu. Mjumbe wa klabu ya Blackheath alipinga kwa nguvu. Alisema kwamba mateke yakiondolewa, ushujaa wa mchezo utakwisha, hata Wafaransa waliofanya mazoezi ya wiki moja wataweza kuwashinda Waingereza. Aliposhindwa kwa kura, klabu yake ilijitoa katika chama.

Watu wa mwelekeo wa Blackheath waliendelea na mchezo wao, ambao leo huitwa raga. Lakini tazama mwisho wake. Mwaka 1871 chama cha raga kilipoundwa, nacho kikaandika sheria zake, mateke ya ugoko yalikatazwa humo pia. Miaka minane tu ilitosha kuwaonyesha hata wale waliokuwa wakiyatetea kwamba ushujaa hauko katika kuvunja miguu ya watu. Na hakuna atazamaye mchezo wa raga leo akasema kwamba wachezaji wake ni waoga.

Wamarekani nao walijifunza jambo hilo kwa bei kubwa zaidi. Katika msimu wa mwaka 1905 magazeti yao yalihesabu watu wapatao 18 waliokufa kwa sababu ya mpira wa Kimarekani. Walio wengi hawakuwa wachezaji wa vyuo vikuu mashuhuri, bali wavulana wa shule na wa timu ndogo ndogo. Rais Theodore Roosevelt, ambaye mwenyewe alipenda michezo ya nguvu na ambaye mwanawe alikuwa akiucheza mchezo huo, aliwaita Washington wakuu wa timu za Harvard, Yale na Princeton, akawataka waurekebishe. Mwaka uliofuata sheria zilibadilishwa: pasi ya kurusha mpira mbele iliruhusiwa, na ile desturi ya wachezaji kushikana na kumwendea mtu mmoja kwa pamoja kama kundi la nyati ikawekewa mipaka. Mchezo haukufa. Ulipata uhai mpya, nao ukapendwa zaidi kuliko zamani.

MWALIMU ALIYELETA KADI

Kadi ya manjano na kadi nyekundu, ambazo leo kila mtoto anazijua, zilitokana pia na fikira za mwalimu wa shule. Bwana Ken Aston wa Uingereza alikuwa mwalimu kwa kazi yake na mwamuzi wa mpira siku za mapumziko. Tarehe 2 Juni, 1962, alichezesha mchezo wa Kombe la Dunia kati ya Chile na Italia katika mji wa Santiago. Siku ile watu walipigana ngumi na mateke badala ya kucheza. Wataliani wawili walitolewa, na mmoja wao alipokataa kuondoka, askari waliingia uwanjani kumtoa. Ugumu mmoja ulikuwa wa lugha: mwamuzi alisema kwa lugha yake, wachezaji wakasikia kwa yao.

Mwaka 1966 ugumu ule ule ulionekana tena katika mchezo wa Uingereza na Argentina, London. Bwana Aston, aliyekuwa amekabidhiwa usimamizi wa waamuzi, alikuwa akiendesha motokaa yake mjini alipotazama taa za barabarani. Manjano: jihadhari. Nyekundu: simama. Akaona kwamba rangi hazihitaji mkalimani. Kadi zilitumiwa kwa mara ya kwanza katika Kombe la Dunia la mwaka 1970 huko Mexico, na katika mashindano yale yote hakuna mchezaji hata mmoja aliyetolewa nje.

Sheria ya 12 ya mpira wa miguu inaeleza mwenendo wa fujo kwa maneno ambayo kila mchezaji wa shule yafaa ayajue. Mchezaji ana hatia akitumia nguvu za kupita kiasi, au akijaribu kuzitumia, juu ya mpinzani wakati hawagombei mpira. Ana hatia vile vile akimfanyia hivyo mwenziwe wa timu moja, mwamuzi, mtazamaji au mtu mwingine yeyote. Tena sheria haiulizi kama pigo lilimpata mtu au lilikosa. Ngumi iliyopita hewani ni kadi nyekundu sawa na ngumi iliyotua shavuni. Sababu yake ni wazi: sheria yahukumu moyo uliotupa ngumi, wala haingoji damu.

Na Sheria ya 5 yasema kwamba uamuzi wa mwamuzi juu ya mambo ya mchezo ni wa mwisho. Maana yake si kwamba mwamuzi hakosei. Yeye ni mtu mwenye macho mawili, akimbia huku anatazama, naye hukosea. Lakini mchezo usio na mtu mmoja wa kukata shauri hauwezi kuchezwa hata dakika kumi. Wazee wakaao barazani kuamua shauri la mpaka wa shamba nao huweza kukosea, lakini kijiji kikianza kuwapiga wazee kila shauri linaposhindwa, hakuna mpaka utakaobaki.

WAAMUZI WAKIONDOKA

Wako wadhanio kwamba kumtukana mwamuzi ni jambo dogo, kwa kuwa matusi hayaachi jeraha. Hesabu za Marekani zaonyesha kinyume. Shirikisho la vyama vya michezo ya shule za sekondari katika nchi hiyo lilieleza kwamba tangu msimu wa 2018 hadi 2019, na kwa muda wa miaka michache tu, waamuzi wapatao 50,000 waliacha kazi. Ugonjwa wa korona ulikuwa sababu mojawapo. Lakini sababu nyingine iliyotajwa tena na tena ilikuwa matusi na vitisho vya wazazi na walimu wa timu. Baada ya hapo, katika sehemu nyingi michezo iliahirishwa au kufutwa kwa kukosa mtu wa kuichezesha.

Mzazi anayepiga kelele pembeni mwa uwanja hafikiri jambo hilo. Anadhani anaipigania timu ya mwanawe. Kumbe anafunga uwanja ambao mwanawe mdogo angechezea kesho.

Katika Kenya mashindano ya shule za sekondari hupanda ngazi kwa ngazi, kutoka kaunti ndogo hadi kaunti, hadi mkoa, hadi taifa, na washindi huenda kukutana na shule za nchi jirani za Afrika Mashariki. Wengi wachezeshao katika ngazi za chini ni walimu wenyewe, ambao Ijumaa wamepuliza filimbi na Jumatatu wamerudi ubaoni na chaki. Mtu kama huyo akipigwa, hupigwa mwalimu. Na vijana waliomwona akipigwa watarudi darasani wakijua kwamba mwalimu anaweza kupigwa.

Lipo pia jambo ambalo aghalabu huzaa fujo kabla hata filimbi haijapulizwa, nalo ni udanganyifu. Shule ikimwingiza uwanjani mtu mzima mwenye ndevu na kumwita mwanafunzi wa kidato cha pili, au ikiazima mamluki kutoka mahali pengine kwa ajili ya mchezo mmoja, wageni huliona jambo hilo mara moja. Huanza mchezo wakiwa tayari wana uchungu. Teke la kwanza likipigwa, kila mtu hushangaa. Lakini moto huo uliwashwa ofisini, siku fomu za wachezaji zilipotiwa sahihi, na aliyetia sahihi si mwanafunzi.

MSICHANA WA OHIO

Baada ya kutazama mabaya hayo ni haki kutazama mema, kwa kuwa nayo hutokea, ingawa hayapigiwi kelele nyingi. Mwezi wa Juni mwaka 2012 wasichana wa shule za sekondari za jimbo la Ohio, Marekani, walikutana Columbus kwa mashindano ya mbio. Uwanja wenyewe unaitwa kwa jina la Jesse Owens, mkimbiaji mweusi aliyepata medali nne za dhahabu huko Berlin mwaka 1936.

Msichana mmoja wa shule ya West Liberty-Salem alikuwa amekwisha kushinda mbio za mita 1,600 siku ile. Alipoingia katika mbio za mita 3,200 nguvu zake zilikuwa zimepungua, akajikuta nyuma ya wote. Mbele yake kidogo alikuwako msichana wa shule nyingine. Zilipobaki hatua chache kufika mwisho, msichana yule wa mbele alilegea miguu, akaanguka.

Njia ilikuwa wazi. Angeweza kupita akaacha kuwa wa mwisho, na hakuna sheria ambayo ingemlaumu. Badala yake alisimama, akamwinua mwenziwe, akautia mkono wake begani mwake, wakaenda pamoja polepole mpaka kwenye mstari. Walipofika alihakikisha kwamba yule aliyeanguka anatangulia kuvuka, kwa sababu, katika mbio, ndiye aliyekuwa mbele. Akawa wa 15, naye ndiye wa mwisho. Kwa sheria zilivyoandikwa, waamuzi wangeweza kuwafuta wote wawili kwa kosa la kusaidiana. Hawakufanya hivyo. Watazamaji walisimama wote na kupiga makofi.

Wengi waliokuwako siku ile hawakumbuki aliyeshinda mbio zile. Wanamkumbuka aliyekuwa wa mwisho.

MKENYA NA MHISPANIA

Mkenya mmoja naye aliwahi kufanyiwa uungwana wa namna hiyo. Tarehe 2 Desemba, 2012, katika mbio za nyika za Burlada, kaskazini mwa Hispania, Abel Mutai alikuwa akiongoza mbali. Mwaka ule ule alikuwa amepata medali ya shaba huko London katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Alipokaribia mwisho alidhani amekwisha kuuvuka mstari, akapunguza mwendo na kusimama kiasi cha mita kumi kabla ya kufika.

Nyuma yake alikuja Mhispania, Iván Fernández Anaya. Alikuwa na nafasi ya kumpita na kuchukua ushindi. Hakumpita. Alibaki nyuma yake, akamwashiria kwa mikono aendelee mbele mpaka avuke. Baadaye alieleza kwamba hakustahili kushinda, kwa kuwa Mutai ndiye aliyekuwa mshindi wa haki.

Lakini liko jambo jingine katika kisa hicho ambalo watu husahau kulisimulia. Mwalimu wa Fernández Anaya, Martín Fiz, aliyekuwa bingwa wa dunia wa mbio za marathoni mwaka 1995, alisema wazi kwamba yeye mwenyewe asingefanya hivyo, angeuchukua ushindi. Huku Texas mwalimu alisema neno baya na vijana wakalifuata. Huku Hispania mwanafunzi alikuwa mwema kuliko mwalimu wake. Kijana wa namna hiyo ni tunu, lakini shule haiwezi kungoja vijana waliozaliwa na hekima kuwapita wakubwa wao. Lazima wakubwa wenyewe watangulie.

MAMBO YAFAAYO KUFANYWA

Basi jawabu la swali lililoulizwa mwanzoni ni hili: mara nyingi kijana ampigaye mwamuzi amefundishwa na mkubwa wake. Pengine hakuambiwa kwa kinywa, kama ilivyokuwa Texas. Pengine alimwona baba yake akimtukana refa, alimsikia mwalimu wake akisema nyumbani kwamba wameibiwa, akamwona mwalimu mkuu akinunua ng'ombe kwa timu iliyoshinda na kuipita kimya timu iliyoshindwa kwa heshima. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Kwa hiyo dawa nayo yafaa ianze juu. Mwalimu wa timu na amtoe nje mchezaji wake mwenye hasira kabla mwamuzi hajamtoa. Kufanya hivyo si kushindwa, ni kumwokoa kijana na timu yake. Asiende kumkabili mwamuzi wakati wa mapumziko. Akiwa na lalamiko, aliandike, alitie sahihi, alipeleke kwa wasimamizi wa mashindano. Karatasi haipigani na mtu, nayo husomwa.

Mwalimu mkuu na atengeneze uwanja wake. Kamba ifungwe pembeni ili watazamaji wakae mbali na mstari. Walimu wawili watatu waketi katikati ya wanafunzi washangiliao, wala wasiwaachie peke yao, na nyimbo za kuwatukana wageni zikatazwe kwa kuwa ngumi nyingi huanza kwa wimbo. Wageni wapewe maji ya kunywa na mahali pa kubadili mavazi, kama yawapasavyo wageni wa mtu. Na fomu za wachezaji ziandikwe kwa kweli.

Kapteni na ajue kwamba kazi yake si kuchagua upande wa kuanzia tu. Yeye ndiye mwenye haki ya kuzungumza na mwamuzi kwa adabu, na yeye ndiye awezaye kumshika mkono mwenziwe aliyekasirika na kumwambia neno moja la kumpoza. Timu nyingi zimeokolewa na kapteni aliyekimbia upesi kuliko ngumi.

Mzazi naye, akirudi nyumbani na mwanawe jioni, na achunge swali lake la kwanza. Akiuliza, "Mmeshinda?" mtoto hujifunza kwamba jambo kubwa ni kushinda. Akiuliza, "Mmechezaje?" mtoto hujifunza jambo jingine. Tofauti ni neno moja tu, lakini neno hilo likirudiwa kila Jumamosi kwa miaka minne, laweza kumfanya mtu.

Wahenga wetu walisema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Hawakusema kwamba ni mshindani mbaya. Walisema si mshindani kabisa. Kijana anayekubali filimbi iliyomkosea, akarudi mahali pake na kucheza dakika zilizobaki kwa nguvu zake zote, amekwisha kujifunza jambo ambalo atalihitaji mahakamani, kazini, sokoni na nyumbani kwake. Kombe la shule hukaa kabatini mwaka mmoja, kisha huchukuliwa na wengine. Kijana huyo atakaa na jirani zake miaka hamsini.